Mwanamke wa Mihogo

Kila Ijumaa baada ya alasiri humsomea bibi yangu sura mpya ya riwaya yangu, hapa nyumbani kwake Ibra. Hadithi ni yake: jinsi babake alivyotoka mji huu akavuka bahari kwenda Afrika, akafyeka pori na kujenga nyumba ya udongo mahali pasipokuwa na mtu, ndimo alimozaliwa bibi. Ukoo mzima tunaijua hivyo.

Mimi pori tupu lilinishinda kuliandika. Nikabuni mwanamke aliyekuwa akilima mihogo pale pale, kabla ya shoka la kwanza.

Bibi alisikiliza, kikombe cha kahawa mkononi. Kisha akasema, "Huyo mtoe."

"Bibi, hii ni riwaya. Nimembuni tu."

"Umembuni! Watu watasema baba yangu mwizi. Na wewe tende unazokula humu ndani ni za nani?"

Nalala kwake, nakula kwake, na hadithi zote zimo kinywani mwake. Nikashika kalamu nimfute yule mwanamke.

"Tena umekosea," akaongeza, akitazama ukuta. "Umeandika mihogo yake michungu. Ilikuwa mitamu. Tukiila mibichi."

Kalamu ikasimama. Nikanyanyua birika nimwongeze kahawa, nipate kumuuliza jina la mwanamke huyo. Bibi akakitikisa kikombe kushoto na kulia, kama tufanyavyo hapa mtu akitosheka, akanirudishia.

"Basi," akasema. "Mtoe."

Sura ile ninayo hadi leo. Kumfuta siwezi tena, na kumwacha humo sijaruhusiwa.