Picha Niliyoitupa Kwenye Grupu la Ukoo

Nimekosa mimi, wala simsingizii shetani. Mdogo wangu amekatwa mkono kwa sababu ya hasira zangu na aibu yangu.

Nimwite Neema. Alimkimbia mumewe kijijini, huko Bahi. Mwanaume yule alikuwa anampiga kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe mpaka ngozi inachanika! Nikamleta Dodoma, akapata chumba Nkuhungu na kazi kwa fundi cherehani. Mume akaapa kwamba akimwona tu, anamchinja.

Mpangaji mwenzangu, binti anayesoma chuo kule Chimwaga, akatuwekea mimi na Neema programu nyingine ya kuchati. Ya bure, wameitengeneza watu wa kujitolea, haina kampuni inayoimiliki.

"Hii haiombi namba ya simu, dada," akaniambia. "Shemeji yako hata akiipata namba ya Neema, humu hampati."

Neema naye akanisihi, "Dada, picha zangu zisitoke humu."

Mimi nikacheka. Programu gani hiyo ya watu wawili! Haina vichekesho, haina umbea. Lakini tukaitumia.

Sasa kwenye simu hiyo hiyo nina grupu la ukoo, kwenye ile programu ya kila mtu. Na shemeji yumo! Mtauliza kwa nini hakutolewa. Nani amtoe? Ng'ombe wake wa mahari wako zizini kwa baba. Kwetu, wasiporudishwa, huyo bado ni mkwe, na wazee walisema kumtoa ni kumtukana. Alikuwa kimya miezi mingi, nikasahau kama yupo.

Jumamosi moja niko Majengo nauza mtama, shangazi yetu akaandika kwenye grupu kwamba Neema amekuwa malaya mjini, anajiuza baa. Yesu wangu! Damu ikanichemka. Nikamwacha mteja ameshika debe. Nikachukua picha aliyonitumia Neema kule kwenye programu yetu, amesimama mlangoni kwa fundi na futi shingoni, nikaitupa kwenye grupu.

"Malaya anashona, shangazi? Mwone huyo, halafu ufunge hilo domo!"

Watu wakaanza kupongeza. Nikajiona mwamba.

Ndipo nikaitazama vizuri ile picha. Juu ya kichwa chake kuna kibao cha fundi, jina na mtaa. Nikaifuta mbio, lakini kwenye orodha ya waliosoma nilishaliona jina la shemeji.

Sikieni sasa uovu wangu wenyewe. Sikumpigia Neema! Nilikuwa na simu mkononi, nikaona aibu. Ningemwambiaje, na alishanisihi? Nikajidanganya kwamba Bahi ni mbali, kwamba labda hakukisoma kibao. Nikaendelea kupima mtama.

Jumatatu asubuhi shemeji aliingia kwa fundi na panga. Pigo la kwanza alilenga shingo, Neema akakinga kwa mkono wa kulia, kiganja kikaruka. La pili likampasua bega mpaka mfupa ukaonekana. Fundi alimpiga yule mnyama usoni kwa pasi ya mkaa, madereva wa bajaji wakamkamata, wakamponda nusura wamuue. Sasa yuko mahabusu.

Mimi nilifika nikakuta sare za shule alizokuwa anashona zimelowa damu. Kiganja cha mdogo wangu kilikuwa chini ya cherehani. Nilikiokota mwenyewe, jamani, kwa mikono hii!

Hospitali nilimweleza ukweli wote. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ulijua tangu Jumamosi, dada?"

Nikasema ndiyo.

Alipopona alihama. Anayejua anakoishi ni yule binti wa chuo, na haniambii. Nilipompigia magoti akanijibu kwa upole, "Nisamehe dada, amesema wewe usijue."

Nyie mnaowaficha ndugu zenu, wekeni hizo programu salama, zinasaidia kweli. Lakini haziwezi kumzuia mtu mwenye hasira kama mimi kuitoa picha humo na kuipeleka kwa adui. Na ukishakosea, usikae na aibu yako, piga simu saa hiyo hiyo, hata utukanwe! Ningepiga mimi ile Jumamosi, Neema angekuwa na siku nzima ya Jumapili ya kuondoka.