Keki ya Mvua ya Kwanza na Lori la Col

"Weka chini hiyo bisibisi, Verna!"

"Siiweki ng'o."

"Lori ni langu!"

"Na pua inayonusa uvundo wake je, ya nani? Pua yangu, keki yangu. Toka mlangoni, Col, unanizibia mwanga."

Col Hoskisson alibaki ameganda kwenye kipandio. Miaka thelathini anabeba ng'ombe na majani makavu kwa lori lile, na hakuna fundi aliyewahi kugusa dashibodi yake bila ruhusa, seuze mke aliyevaa aproni. Lakini Verna alikwisha jikunja upande wa abiria, kichwa ndani, makalio nje, anafungua skrubu za droo ya dashibodi na kuzitumbukiza moja moja kwenye kikombe cha chai.

Alikuwa na haki ya kuwa mkali. Joto la Cloncurry, huko Australia, asubuhi ile lilifika nyuzi arobaini na mbili kabla ya saa nne. Kuku wake walikuwa wanataga mayai yaliyokwisha chemka, na asiyeamini akawaulize kuku. Gari lao dogo lilikuwa limelala nyuma ya banda tangu Jumanne, lilipogongana na kangaruu. Kangaruu ndiye aliyeondoka kwa miguu yake. Na jikoni, chini ya feni, ilikaa keki iliyommalizia Verna wiki sita nzima: keki ya matunda, imevikwa sukari nyeupe, juu yake majani ya sukari, matone ya sukari na kidimbwi cha sukari, maana mwaka huu akina mama wa mashindano walitaka keki zote ziwe za mvua ya kwanza.

Saa nane mchana iwe mezani kwenye mashindano, Julia Creek, kilomita mia na thelathini na ushei. Usafiri ni lori tu. Na eesi, kipoza hewa cha lori, ilikuwa inapuliza uvuguvugu wenye harufu ya mbwa aliyelowa, akafa, kisha akalowa tena.

"Sukari itafika imekuwa uji," Verna alisema kutoka ndani ya dashibodi, "halafu wifi yangu anipe pole. Unajua anavyotoa pole yule dada yako? Anainamisha kichwa hivi, kama kuku aliyeona mdudu."

Col aliijua pole hiyo. Glenys, dada yake, alikuwa amenyakua utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza miaka mitatu mfululizo, na kila mara kichwa kiliinama.

Verna akachomoa feni ya eesi, akaingiza mkono kwenye nafasi iliyokuwa juu yake. Mkono ukapita mpaka kiwiko bila kugusa kitu.

"Col."

"Naam, mke wangu."

"Chujio la hewa liko wapi?"

Col akaanza kutafuta mawingu angani, na mawingu hayakuwepo. "Lilikuwa linaziba kila wiki kwa vumbi. Linaninyima upepo. Nikalitoa."

"Lini?"

"Wakati wa ukame."

"Ukame upi?"

"Ule... wa kabla ya ule mwingine. Lakini madereva wote huku wanalitoa! Uliza yeyote!"

"Nitawauliza. Na wake zao nitawauliza kama bado wanapumua."

Akamulika tochi. Ile evapureta, redieta ndogo inayojificha humo ndani na kupoza hewa, haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na tope jekundu, manyoya ya ng'ombe na mbegu za majani. Na mbegu, kwa kunyweshwa maji ya eesi kila siku, zilikuwa zimeota. Nyasi mbichi, urefu wa kidole! Verna anaapa hadi leo kwamba palikuwa na panzi mle, na panzi alimtazama kama mwenye shamba anavyomtazama mwizi.

"Nilete ile mashine ya kuoshea kizimba cha ng'ombe," Col akasema. "Dakika mbili tu."

"Uivunje evapureta? Vibati vyake vyembamba kama karatasi, ukivipiga kwa maji ya nguvu vinalala vyote, haupiti hata upepo. Niletee lile bomba la kupulizia waridi, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Na usiniguse."

Akang'oa nyasi, akasugua taratibu kwa brashi laini ya rangi, kufuata mstari wa vibati, kisha akapuliza maji ya sabuni. Maji yalipaswa kutokea chini ya lori. Hayakutokea. Yalimmwagikia Verna magotini, meusi, yenye harufu ile ile.

"Mpira wa kutolea maji umeziba! Ingia chini!"

Col akajilaza chini ya lori, akaukamata mpira, akauminya. Ukatoa mlio wa kukoroma, ukamtapikia kifuani ndoo nzima ya uchafu, na mwishowe, *pwa*, chura wa kijani, mnene kama andazi.

"Kumbe ni wewe!" Col akapaza sauti. "Verna, miezi sita nasikia mlio nadhani ni beringi ya gurudumu! Nimebadilisha beringi mbili kwa ajili ya huyu bwana!"

"Mtie kwenye ndoo, mpeleke kivulini. Maskini, umemnyang'anya nyumba."

Verna akasuuza mpaka maji yakatoka meupe, akakausha kwa mashine yake ya nywele, na penye chujio akatandaza soksi zake nyembamba za harusi, zilizokuwa hazimwingii tangu mwaka wa pili wa ndoa. Wakawasha injini. Akachomeka kipimajoto cha kupikia jamu kwenye tundu la hewa: thelathini, kumi na tano, sita.

Col akafumba macho. "Inanukaje hii? Siielewi."

"Hewa, mume wangu. Ndivyo inavyonuka."

Wakaingia jikoni kuchukua keki, wanacheka. Kicheko cha Verna kikakatika.

Chura alikuwa katikati ya kidimbwi cha sukari, amezama miguu yote minne, ametulia.

"Ndoo uliiweka wapi?" Verna alinong'ona.

"Mezani. Ndipo penye feni. Alikuwa na joto."

"Mtoe!"

"Nikimtoa atang'oka na keki!"

"Basi mimi nakutoa wewe, Col, nakutoa duni—"

Mlango wa wavu ukalia. Glenys aliingia na boksi lake la keki mikononi, kuja kuomba nafasi kwenye lori. Akaona meza. Akasimama. Akaliweka boksi chini polepole, akasogea mpaka pua ikakaribia sukari, na kichwa chake, kwa mara ya kwanza, hakikuinama kutoa pole.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo. "Mpaka macho ya chura... Umeyatengenezaje kwa sukari?"

Verna akafungua mdomo. Col akamkanyaga mguu.