Kanga Wenye Mbawa

Kwe-che! Kwe-che! Mpaka leo, nikiwa mjini, Nkuhungu, nimeinamia cherehani, sauti ile hunijia, kama mlango uliokosa mafuta. Ndiyo niliyoifuata mlimani.

Baba mdogo anawinda ndege huko Mlali. Msimu ulikaribia, kibali anacho, ila goti limevimba. Akanipigia simu: "Mwanangu, mlima naweza kuupanda mara moja tu. Njoo unitafutie kanga wanalala wapi, nisihangaike. Mwaka huu nikipanda, ndiyo naaga."

Mimi hata kuku sijawahi kuchinja, lakini hiyo "naaga" ilinichoma. Nikamwomba ruhusa fundi anayenifundisha kushona, nikabeba vipande vya kitambaa chekundu vya kuwekea alama njiani, nikaondoka nikijiona mtu wa porini kabisa.

Basi lilinishusha barabara kuu, nikapanda bodaboda.

"Unafuata nini Mlali, dada?"

"Kanga."

"Kanga! Si zimejaa soko la Majengo, doti kwa doti?"

"Siyo hizo. Hawa wanaoruka."

Alicheka hadi pikipiki ikayumba.

Mlali nilimkuta Baba mdogo uani, mguu juu ya kigoda, anaipaka bunduki mafuta.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona umekonda? Mjini hawali?"

Mama mdogo akaongeza unga wa uwele kwenye sufuria. Tukiwa tunakula, Baba mdogo akanipa somo. "Akiita neno moja, huyo dume. Akiita maneno mawili, jike. Mfuate jike, kundi haliko mbali. Ila ukiona vifaranga wadogo, niambie. Mlima wenye vifaranga sifyatui bunduki. Baba yangu hakufanya, na mimi sifanyi."

Alfajiri nilipanda peke yangu, upepo wa kipupwe unakata masikio. Kila njia ilipopinda nilifunga kitambaa. Karibu na kilele nikasikia: kwe-che! Nikatambaa kwenye mawe mpaka chini ya mgunga mkubwa. Ardhi ilijaa manyoya ya madoadoa. Kitanda chao! Nikafunga kitambaa cha mwisho, nikakikaza kwa furaha.

Ndipo jike akatoka nyuma ya jiwe. Nyuma yake wakafuata vifaranga, wamejikunja kwa baridi, kila mmoja anataka kuingia chini ya bawa. Mvua zilichelewa mwaka ule, nadhani naye alichelewa kutaga.

Kushuka kulinichosha kuliko kupanda. Nikisema, Baba mdogo ataaga mlima wake akiwa kwenye kigoda. Nikinyamaza, nani atajua?

Uani aliniuliza kabla sijakaa. "Umewaona?"

"Nimewaona, Baba. Wana vifaranga."

"Wakubwa kama nini?"

"Kama ngumi."

"Ngumi yako au yangu?"

Nikainua yangu. Aliitazama, akatazama mlima. Kisha akaiviringisha bunduki kwenye gunia lake, taratibu, kama anamfunika mtoto.

"Mama," akaita, "leo chinja jogoo. Kanga mwaka huu hawapo."

"Goti lako lina bahati!" Mama mdogo akajibu toka jikoni. "Limepata likizo."

Baba mdogo akacheka, ila macho yake yalibaki mlimani. Halafu akaniambia, "Mwakani wakikua, utanishika mkono tupande kuwatazama tu." Nikamwambia nitamshika. Nilidhani ameazima macho yangu. Kumbe alihitaji zaidi mdomo wangu, useme kweli.

Siku ya kurudi, Baba mdogo na Mama mdogo wakiwa bado wamelala, nilikumbuka vitambaa. Njia nzima nilikuwa nimemchorea mtu yeyote mwenye manati au bunduki. Nikapanda tena, nikavifungua kimoja kimoja na kuvitia mfukoni. Cha pale mgungani nilikuwa nimekikaza mno, vidole vikashindwa. Nikakifungua kwa meno, nikiisikia kwe-che ikiita nyuma ya mawe.