Nilitangaza kwamba kule ni salama, baba mdogo akaniamini

Admin, tafadhali ficha jina langu, na la redio yetu pia. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na nne, naishi Vulamba hapa Butembo. Ni mtangazaji wa redio ya serikali. Sauti yangu wanaijua mpaka Kirumba. Mshahara wangu hakuna anayeujua, hata mimi mwenyewe. Tunakula zile faranga kidogo za matangazo.

Serikali haituletei hata mafuta ya jenereta. Anayeleta ni mkubwa mmoja, na kila bidoni ya mafuta inakuja na karatasi ya kusomwa hewani. Mwezi uliopita karatasi ilisema usalama umerudi upande wa Beni, wakulima warudi mashambani. Madereva wanaotoka huko walikuwa wameniambia mengine kabisa, kwamba watu bado wanakimbia. Nikamweleza chef, mkuu wetu pale redioni. Akanijibu, "Soma vile bameandika. Mafuta ni bo banaleta. Ao unataka tufunge radio?"

Nikasoma. Tena nilisoma vizuri, na hilo ndilo linaniuma.

Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa amekimbilia kwangu na mkewe, wakaacha shamba lao la kakao huko Beni. Niliporudi kutoka kazini nikakuta ameshaondoka kwenda shambani. Mama mdogo akaniambia kwa furaha, "Alisema, kama ni mutoto wetu njo anasema kwa radio, basi ni kweli." Sikuwahi kuwaambia nani anaandika zile karatasi. Nilipenda wanavyonisifu kwa majirani. Nikampigia simu, haipatikani. Hii ni wiki ya tatu, hakuna aliyemwona.

Mama mdogo hanilaumu. Afadhali angenitukana. Aliniomba tu nitangaze kwamba mume wake amepotea. Chef akakubali, lakini nisitaje amepotelea wapi, kwa sababu sisi wenyewe tulishasema kule ni salama. Nikasoma jina lake, umri wake, shati la bluu alilovaa. Pahali sikusema.

Nilipofika nyumbani mama mdogo alikuwa bado ameketi karibu na redio. "Mutoto wangu, ulisahau kusema pahali. Batu batamutafuta wapi? Kesho urudilie, ee?" Nikasema ndiyo, mama. Nikaingia chumbani nikalia sana.

Leo bidoni zingine zimefika, na karatasi ni ileile. Natakiwa kuisoma kesho saa sita. Nikikataa, chef ana mwingine wa kuisoma, na watoto wangu watalala njaa. Mama mdogo naye ameshapanga nguo zake kwenye mfuko. Anasema nikitangaza barabara iko muzuri, ataenda mwenyewe kumtafuta mume wake.

Nimemkataza. Akaniangalia, akauliza polepole, "Lakini ni weye njo ulisema kule kuko salama. Ao ulidanganya batu?"

Mimi ninayelishwa na mdomo nikachukua simu, nikatoka nje kuwaandikia haya. Ndugu zangu, bado anangoja jibu. Nishaurini, nimwambie nini kabla ya kesho saa sita?