Waya wa Kijani Ndani ya Plagi

Nakumbuka mlio kwanza, mwanangu, kabla ya kumkumbuka mtu. Springi zilikuwa zikigongana ndani ya sanduku, chwaa, chwaa, kama mnyororo uliotupwa ndani ya debe, na mlio ukawa unakaribia polepole katika kichochoro cha nyuma ya soko la Kitui. Nilikuwa nimeinamia redio ya mtu, nimeupa mlango mgongo. Nikajua bila kugeuka kwamba inayoletwa ni amplifaya ya gitaa, ya valvu, zile za zamani zenye springi chini za kuinenepesha sauti. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa nimechoka kufungua redio.

Nitakueleza kilichofuata, lakini kwanza ujue kwamba nina hasira. Sikukuita hapa mjini Wote ili unywe chai tu. Jana nilipita Malili, nikaingia katika kanisa lile wanakokusifu, nikaiona amplifaya uliyowatengenezea. Kazi ya nyuma ni safi. Matundu mawili yamekaa sawasawa, hakuna mkwaruzo kwenye chuma, hata mimi nisingetoboa vizuri hivyo. Kisha nikafungua plagi ya ukutani. Waya wa kijani umekatwa, umekunjwa ndani kama mkia wa mbwa aliyeogopa. Na yule mpiga gitaa wao amesimama hapo, vidole kwenye nyuzi, ananitabasamia! Niliichomoa mwenyewe nikamwambia asiiguse mpaka uende wewe. Wewe ni mwana wa dada yangu, na kwetu huyo ni mwanangu, kwa hiyo sitakupaka mafuta. Kosa lile nalijua. Lilikuwa langu kabla halijawa lako.

Aliyeleta amplifaya siku ile Kitui alikuwa mtu mrefu aitwaye Mutinda, mpiga gitaa wa bendi iliyokuwa ikiwachezea madereva wa malori kule Mtito Andei. Aliiweka chini, akatazama huku na huku.

"Fundi ako wapi?"

"Mimi ni fundi."

"Wewe? Nauliza yule wa ndevu."

"Ndevu haziunganishi waya," nikamwambia.

Mzee Nzioka, mwenye karakana, alikuwa nyuma ya pazia anakunywa uji. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie shida yako, Mutinda. Huyo msichana ametoka polytechnic. Anajua mambo ambayo mimi nimesahau."

Ukisikia sifa kama hiyo ukiwa na miaka ishirini na mmoja, mwanangu, kaa chonjo. Mimi sikukaa.

Mutinda alikuwa na kisanduku cha mwangwi, kile cha kukanyaga kwa mguu. Alikuwa akichomeka gitaa kwenye kisanduku, kisha kisanduku kwenye amplifaya. Akicheza taratibu, mwangwi ulisikika. Lakini akiongeza sauti ili gitaa lingurume, kila kitu kilivurugika.

"Inakuwa uji," akasema. "Wale wa bendi ile ingine wameanza kuniita Baba Uji. Mbele ya watu!"

Nilielewa hata kabla hajamaliza. Amplifaya ina sehemu mbili. Ya kwanza inaikuza sauti ya gitaa na kuipa ule ukali wake, ya pili inaisukuma mpaka kwenye spika. Mwangwi ukiingia mwanzoni, sehemu ya kwanza inausaga pamoja na gitaa. Dawa yake ni kuikata njia katikati ya sehemu hizo mbili na kutoboa matundu mawili nyuma: sauti itoke tundu moja, ipite kwenye kisanduku cha mwangwi, irudi kwa tundu la pili ikiwa safi. Hayo unayajua, ndiyo hayo uliyofanya Malili. Nilimchorea Mutinda kwenye karatasi ya kufungia nyama, na nikamwona ananitazama kwa macho mengine.

"Jumamosi asubuhi nakuja," akasema. "Jioni nina watu Mtito. Usiniangushe, fundi."

Fundi. Aliniita fundi.

Nilifanya kazi siku mbili, peke yangu, kwa sababu Mzee alikuwa ameenda Mwingi kwenye mkutano wa ukoo. Nilitoboa, nikaunganisha, nikaiwasha. Mwangwi ulitoka kama mtu anayeita kutoka kilima kingine. Lakini chini yake palikuwa na mvumo. Mmmm, mfululizo, mzito. Nikahamisha waya, ukabaki. Nikabadilisha tundu, ukabaki. Jumamosi ikafika, jua likapanda, Mutinda anakuja, na sanduku linavuma kama mzinga wa nyuki.

Nikafungua plagi. Nikalegeza skrubu moja, nikautoa waya wa kijani, nikaukunja pembeni. Nilipowasha, mvumo ulikuwa umekufa. Amplifaya ilinyamaza kama mtoto aliyepewa titi.

Usidhani sikujua, mwanangu. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Asiyejua ni wa kufundishwa, na kumfundisha hakuchoshi. Mimi nilijua. Nilijua kwamba waya ule hukaa miaka bila kuonekana na kazi, mpaka siku umeme wa ukutani unapogusa chuma cha sanduku. Siku hiyo ndio unaoupeleka umeme ardhini. Ukiukata, umeme unakaa kwenye chuma, na kutoka kwenye chuma unapanda kwenye nyuzi za gitaa, na hapo unamngoja mtu. Niliyajua hayo yote, nikafunga plagi, nikapangusa mikono. Nilichoogopa mimi ni kuambiwa, "Si nilisema niletewe yule wa ndevu?"

Mutinda alikuja akapiga. Watu wa soko walisimama mlangoni. Mama mmoja muuza pojo aliweka beseni chini akayumba mabega. Na katikati ya furaha hiyo, Mzee Nzioka akaingia na vumbi la Mwingi kwenye kofia.

Akasikiliza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniuliza neno moja.

"Umepima?"

"Nimepima, Mzee."

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Hakuna mashine iliyorudi kwa mwenyewe kabla fundi aliyeitengeneza hajaishika, mbele ya huyo mwenyewe. Na hukuishika hivi hivi. Mzee alikuwa akichota kikombe cha maji na kukimwaga kwenye udongo, hapo nje ya mlango. Kitui unaijua, maji yalikuja kwa punda, na kila tone lilikuwa na kazi yake nyumbani. Lakini kikombe hicho hakukosa kukimwaga. Fundi alivua viatu, akakanyaga tope, akashika chuma. Mteja akiona, anachukua mali yake anakwenda. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa redio nyingi, nikicheka.

Mzee akamwaga maji. Akavuta waya wa gitaa mpaka mlangoni, akaniletea gitaa.

"Vua viatu, mwiitu wakwa."

Binti yangu, alisema. Nilivua kiatu kimoja. Cha pili mkono ulikataa kukifungua. Nilikaa pale, goti moja chini, natazama tope lile dogo linavyonyonywa na udongo. Yule mama muuza pojo alinyanyua beseni lake akaondoka.

"Kuna nini?" Mutinda akauliza. "Si ashike tu?"

Mzee hakunigombeza. Alichukua mita ya kupimia umeme, ncha moja akaiweka kwenye nyuzi, nyingine akaichomeka kwenye tope. Mshale ukaruka. Baadaye tulipofungua tuligundua kwamba kapasita moja kuukuu, kile kidude cha kutunza umeme, ilikuwa ikivujisha umeme wa ukutani kwenye chuma, na waya wa kijani ulikuwa ukiumeza kimya kimya miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa nimeuziba mdomo. Mutinda alisalimika asubuhi ile kwa sababu ya viatu vya mpira na sakafu kavu. Jioni, Mtito Andei, angesimama jukwaani amelowa jasho, vidole kwenye nyuzi, midomo kwenye maikrofoni ya chuma.

Mutinda aliutazama mshale. Alinitazama mimi. Nilidhani atanipiga, na ningemwelewa.

"Ungeniambia inavuma," akasema. "Ungeniambia tu, 'Mutinda, inavuma, nimeshindwa.' Ningeipiga hivyo hivyo ikivuma. Kuvuma kunaua nani?"

Niliinuka nikaichomoa plagi ukutani.

"Nina watoto watatu," akaongeza.

Mzee ndiye aliyesema lililobaki, naye alilisema huku akitazama kikombe. "Mimi nilikuuliza kama umepima. Ungesema hapana, ningekaa chini hapa tupime pamoja, na Mutinda angengoja. Kazi mbaya tunaitengeneza tena. Wewe umenipa neno, na mimi nikishaacha kuamini neno lako, nitatengeneza nini na wewe?"

Nitakuambia ukweli usiopendeza. Sikujuta siku ile. Nilikasirika. Wiki nzima nilimkasirikia Mzee kwa kuniaibisha mbele ya mteja na watu wa soko. Nilijiambia, mbona hakuniita pembeni? Nilijiona mimi ndiye niliyeonewa! Ni jioni moja nikifua nguo ya mdogo wangu, mama yako huyo, ndipo nikawaza watoto watatu wa Mutinda wakiwa wamepangwa kwenye benchi, wamevalishwa nguo safi, na watu wanakuja kuwashika mikono. Niliacha nguo kwenye karai.

Ile amplifaya niliitengeneza upya siku hiyo hiyo ya Jumamosi, Mzee amesimama juu yangu. Ule mvumo ulikuwa na dawa halali tangu mwanzo. Matundu yangu ya kuchomekea yalikuwa yakigusa chuma cha sanduku, kila moja mahali pake. Tuliyatenga na chuma, tukayapeleka yote ardhini kwa sehemu moja, tukatumia waya uliofunikwa, tukabadilisha kapasita. Mvumo ukabaki kidogo sana, wa kusikika ukitega sikio. Waya wa kijani ukarudi mahali pake. Nilivua viatu vyote viwili, nikakanyaga tope, nikashika nyuzi kwa mikono miwili. Mutinda alitazama mpaka mwisho. Alichukua sanduku lake akaenda Mtito, na tangu siku hiyo kila alipokuja aliomba kuhudumiwa na Mzee. Sikumlaumu.

Basi sikiliza, mwanangu, maana nimefika. Wameniambia kwamba ulipoulizwa Malili ulisema, "Inalia, iko sawa." Neno hilo linanichoma! Inalia! Kila siku nasikia vijana wa karakana wanasema inalia, na mteja naye anafurahi kwa sababu masikio yake yamefurahi. Mtu anayekuletea chombo hawezi kuona ndani yake. Amekukabidhi mwili wake, na wewe unamrudishia wimbo mtamu na kifo kimekunjwa ndani ya plagi. Usimfiche mteja kasoro ili usikie anakuita fundi. Ikivuma, sema inavuma. Ukishindwa, sema umeshindwa, uje hapa, mlango huu ninaufungua alfajiri na sijawahi kumfukuza aliyekuja kuuliza. Na usimpe mtu kitu ambacho mkono wako mwenyewe unaogopa kukishika. Mkono huwa unajua, hata mdomo ukidanganya.

Utakwenda Malili leo. Hutatuma mtu, hutapiga simu. Utamtazama yule mpiga gitaa machoni na kumwambia ulichokifanya, ukikiita kwa jina lake, bila kusema "kulikuwa na hitilafu kidogo." Akikutukana, pokea. Akikukataza kuigusa tena, mpe namba ya fundi mwingine na ubebe aibu yako nyumbani. Ni mzigo ambao mtu anaweza kutembea nao akiwa hai, na mwenzako pia akiwa hai.

Mungu aliyeninyima usingizi kwa ajili ya watoto wa Mutinda akunyime na wewe mpaka umemaliza, kisha akupe usingizi mzuri wa mtu mkweli. Akubariki macho yaone kilichofichwa na mwenzako. Akubariki mikono. Karakana yako isikose wateja, na pasiwe na mjane hata mmoja atakayelitaja jina lako.

Chai umeiacha. Haya, iache. Maneno yako yatunzie Malili. Chukua mita yangu hiyo, iko mezani, na waya wa kutosha. Usinitazame hivyo, si kwamba sikupendi. Nenda, gari za kwenda Salama zinapita sasa, huko utapata ya Malili.

Mwanangu ameinama kufunga kamba za viatu, ameitia mita kwenye begi, na mlango umefungwa nyuma yake.