Jiko la Mama na Vigae vya Miaka Elfu

Kazi yangu kwenye makumbusho ya Kitale ilikuwa kuosha vigae vya vyungu na kukadiria umri wake. Udongo hauna cheti cha kuzaliwa, lakini una alama. Wafinyanzi wa miaka elfu moja iliyopita walisokota kamba, wakaiviringisha juu ya chungu kibichi, ikaacha vishimo vidogo vidogo mstari kwa mstari. Ukikuta kigae cha namna hiyo, hata mfupa uliolala kando yake umeshaujua umri wake. Nilikuwa na miezi minane kazini, na anayejua kidogo ana kiburi chake.

Jiko la mama lilipoanguka, kwetu Naitiri upande wa Bungoma, alianza kujenga jipya. Nilifika nyumbani Jumamosi nikakuta msingi umechimbwa hadi magotini, na kando yake vigae saba vyenye vishimo mstari kwa mstari. Nikasimamisha kazi.

"Mama, hii ni ya miaka elfu moja."

Mama alikitazama kigae, akanitazama mimi. Fundi akakusanya vifaa vyake, akaenda zake.

Nikauzungushia msingi kamba. Naibu wa chifu akaja kupiga picha. Kanisani tukaombewa, ati tumebarikiwa na mababu. Kisha mvua ya mwezi wa nne ikaanza, na mama akawa anapikia uani, mwavuli mkono huu, mwiko mkono huu. Simba yangu, ile nyumba ya kijana, ilikuwa kavu kabisa, lakini kwa desturi yetu mama haingii simba ya mwanawe, sembuse kupika humo. Basi mimi nililala pakavu, historia ikalindwa, na ugali ukaiva kwa maji ya mvua.

Nilipeleka kigae kimoja kwa mama mmoja mfinyanzi anayeishi karibu na soko la Chwele, anionyeshe jinsi kamba ile inavyosokotwa. Hakukishika hata. Aliokota gunzi kwenye lundo la mahindi yaliyopukuchuliwa, akaliviringisha juu ya chungu alichokuwa amemaliza kufinyanga. Vikatokea vishimo vile vile.

"Kijana, hii ni gunzi tu, bana. Si nyinyi ndio watu wa mahindi?"

Mahindi yaliletwa na meli juzi juzi, ukihesabu kwa hesabu ya vyungu. Miaka elfu iliyopita hapakuwa na gunzi hata moja nchi hii. Na mimi nimepukuchua mahindi tangu vidole vyangu vipate nguvu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Nyumbani nilimkuta mama amechuchumaa chini ya mwavuli, anapuliza kuni mbichi. Nikamweleza yote.

"Hicho chungu nilivunja mimi," akasema. "Mwaka ile niliolewa. Nyanya yako alinigombeza wiki mzima."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Si wewe ndio umesoma? Ukasema miaka elfu, nikaona pengine ni mimi nimesahau."