Kofia ya Tata Mbele ya Taa

Mi nakusanya filimu chafu. Basi, nimesema! Watu wa kanisa wanisamehe, au waje tuangalie wote. Ndani ya kabati langu hapa Kolwezi kuna kaseti za wanawake waliotoroka gerezani, za wafu wanaofufuka na njaa, damu nyekundu kama nyanya ya kopo. Wengine wanakusanya sahani za maua. Mi nataka kile ambacho mtu mzima aliamua nisikione.

Kosa ni la tata, baba yangu. Nilipokuwa mdogo kule Kapata, yeye ndiye alikuwa akionyesha sinema kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Padri aliangalia kwanza peke yake, halafu akamwandikia kwenye karatasi: ziba hapa, na hapa. Ikifika hapo, tata anavua kofia, anaziba taa ya mashine. Ukuta giza, sauti inaendelea! Ukumbi mzima unapiga miguu chini: "Kofia! Kofia!"

Filimu moja ilinitesa. Mwanamke jambazi anafunga mlango wa chumba, anaanza kufungua vifungo vya shati, na hapo hapo, kofia. Nimeitafuta miaka na miaka, mpaka mwezi uliopita muuzaji wa makala ya kupikia kule Mutshatsha akanitolea kaseti yake chini ya magunia. Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka dereva akaniogopa.

Jumapili nikamwalika tata. Sasa anatembea na fimbo, lakini kofia ni ileile. Nikaweka kaseti. Kwenye filimu, mwanamke akafunga mlango. Nikasogeza kiti mbele, jamani! Tata akainuka, akajikokota, akatundika kofia mbele ya televizyo.

"Tata! Televizyo ni yangu!"

"Na kofia ni yangu."

"Lakini weye ulionaka yote!"

"Nilionaka wapi? Nilikuwa nafungaka macho. Padri alisema ni zambi."

Maskini tata wangu! Alishika mashine miaka yote ile, na hajui kama mi nisivyojua. Nikamwomba ruhusa, nikaondoa kofia, nikarudisha kaseti nyuma.

Mwanamke alivua shati. Ndani alivaa lingine. Akakaa kitandani, akatoa sindano, akashona kifungo.

"Njo ile tu, hakuna ingine?" tata akauliza.

"Njo ile tu."

"Na padri, yeye alionaka nini?"

Tulicheka mpaka fimbo ikaanguka. Tata akapangusa machozi.

"Rudisha tena," akasema.

Nikarudisha. Mlango ulipofungwa, tata alitundika kofia tena mbele ya televizyo, akaja kukaa karibu na mi, akaanza kupiga miguu chini.

"Kofia!" tata akapiga kelele. "Kofia!"